Kwa baiskeli kutoka Jozani hadi Kizimkazi

Umeuliza kama baiskeli yako ya tairi za milimita 38 itahimili njia za ndani, Jozani hadi Kizimkazi. Itahimili, mwenzangu, ila upepo usiujaze ukawa mgumu kama jiwe. Kusini Unguja ni maweni: chini ni jiwe la matumbawe lenye makali, linalochana ubavu wa tairi. Viraka vya tyubu peke yake havitoshi. Beba na kipande cha tairi kuukuu, ukitie kwa ndani palipochanika, kisha pampu. Maji nayo: mvua yote hunywewa na jiwe hilo, kijito hukioni, basi jaza chupa Kitogani.

Pale Jozani punguza mwendo, kima punju huvuka barabara watakavyo.

Kizimkazi Dimbani usiupite msikiti wa kale. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Muombe mwangalizi ruhusa, vua viatu, na hiyo suruali ya kubana ivalie kikoi juu, tafadhali.

Vilima unavyovitamani viko zaidi Pemba. Huku ni tambarare. Na masika, Machi hadi Mei, ahirisha.