Maswali na majibu: Msomaji anajua nini, na anakijua lini?

Kuna tofauti gani kati ya riwaya ya upelelezi, ya taharuki na ya uhalifu?

Swali hili haliishi kuletwa, na wengi wanaolileta hawajasoma hata riwaya moja ya kila aina. Someni kwanza. Katika upelelezi jambo limekwisha kutendeka, na msomaji anamsaka mtendaji bega kwa bega na mpelelezi. Katika taharuki balaa liko njiani. Msomaji analiona likija, asijue nani atanusurika. Uhalifu ndilo kundi pana zaidi: kiini chake ni kosa lenyewe, kinachomsukuma mkosaji, na madhara yanayowafika waliomzunguka. Huenda hata fumbo lisiwepo. Riwaya moja yaweza kuchanganya zote tatu, kwa hiyo jalada lisikuhadae. Angalia msomaji amepewa kujua nini, na wakati gani.

Hadithi yangu ina polisi, bastola na kufukuzana kwa magari. Ni ya upelelezi?

Kwa hayo uliyoyataja, hapana.

Nimemficha muuaji hadi sura ya mwisho, ndipo anapotokea kwa mara ya kwanza. Hakuna atakayemgundua. Nimefaulu?

Hujafaulu, umemdhulumu msomaji. Tangu Edgar Allan Poe alipochapisha "The Murders in the Rue Morgue" mwaka 1841, raha ya hadithi hizi imekuwa kushindana akili na mpelelezi. Utashindanaje na mtu aliyefungiwa ushahidi kabatini? Mwandishi Ronald Knox aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema. Nyingine inamkataza mpelelezi kukalia kidokezo bila kumwonyesha msomaji. Baadhi ya kanuni zake zimechakaa, lakini hizi mbili zingali na nguvu.

Ustadi ni kukiweka kidokezo mbele ya macho, kisha kumshughulisha msomaji na jambo jingine. Agatha Christie alifanya hivyo katika *The Murder of Roger Ackroyd* (1926). Wapo waliolalamika kwamba kawachezea rafu, lakini ukiirudia utakuta vidokezo vyote vilikuwepo. Na wewe uliyekwisha kuisoma, usimsimulie mwenzio mwisho wake. Tabia hiyo imeshamiri, nami naichukia.

Nikimtaja muuaji ukurasa wa kwanza, si nimeiua hadithi?

Umeua fumbo, hadithi iko hai. Francis Iles alifungua *Malice Aforethought* (1931) kwa kutuambia kwamba daktari ameamua kumuua mkewe, na bado mtu hukesha akiisoma. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza vizuri: bomu likilipuka chini ya meza bila mtazamaji kujua, anashtuka sekunde 15, akijulishwa mapema kwamba lipo, na walioketi hapo wanaendelea na soga zao, unamshika roho dakika 15. Ila ukishachagua njia hiyo, usije ukamwita mpelelezi kwenye sura ya mwisho atueleze tuliyoyajua tangu mwanzo. Miswada ya namna hiyo ni mingi mno.

Bwana Msa na Willy Gamba wote ni wapelelezi. Mbona vitabu vyao havifanani?

Kazi ni moja, mwendo ni tofauti. Msa wa Mohammed Said Abdulla, aliyeanzia *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), anafumbua kwa kutazama na kufikiri. Gamba wa Elvis Musiba yumo hatarini, nawe unahofia uhai wake kuliko unavyokisia mtendaji ni nani. Wanaoiga wa pili huiga risasi, wakasahau hofu.

Aina ipi inauzika zaidi?

Andika ile unayopenda kuisoma.

Lazima mtu afe?

Si lazima. Fumbo la *The Moonstone* ya Wilkie Collins (1868) ni almasi iliyoibwa. Naona waandishi wachanga wakiongeza maiti kila hadithi inapopwaya. Kabla hujaongeza ya pili, rudi sura tatu nyuma uone kama ulimwachia msomaji swali lolote la kumfanya afungue ukurasa unaofuata.