Uliza Tukujibu: Shindano la vijana kuwaenzi wazee wa vita

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mlezi wa klabu ya vijana wilayani Muleba. Kila Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tunaandaa shindano la mashairi na michoro kuwaenzi wazee waliopigana Vita vya Kagera. Mara ya mwisho tulipata kazi 64, karibu zote za aina moja: bendera, bunduki, "mashujaa hoyee". Wazee walipiga makofi kwa adabu tu. Tunakosea wapi?

JIBU: Mlezi, kosa si la watoto. Wamepewa kalamu kabla ya kupewa mzee wa kumsikiliza. Tazama mstari huu:

Mashujaa twawapenda, nchi yetu mlilinda.

Mizani ni 8 kwa 8, vina vimekaa, lakini ungeweza kuimbiwa askari wa nchi yoyote. Sasa huu:

Sufuria ya ugali, handakini imepoa.

Aliyeandika huu amekaa na mtu aliyekuwepo, akasikia kwamba usiku hawakoki moto kwa sababu mwanga humwonyesha adui mlipo. Mzee akisomewa mstari wa namna hii hapigi makofi kwa adabu, anainua kichwa.

Kwa hiyo anzeni Aprili. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Juni watoto hutawanyika, na kazi zinazoletwa baadaye mara nyingi huwa za kaka na dada zao. Mwisho wa kupokea uwe Ijumaa ya mwisho ya Mei.

Gawa watoto makundi ya 5 au 6, kila kundi na mzee wake na mtu mzima mmoja wa kuwaongoza. Mzee aombwe siku chache kabla, si kuvamiwa, na msiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha. Mazungumzo yasizidi dakika 45. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa ni mtu mzima sana, huchoka, na wengine masikio yameharibiwa na mizinga, hivyo watoto wakae upande anaosikia vizuri. Baada ya shikamoo, maswali matatu yatosha: Ulikula nini? Ulimwacha nani nyumbani? Kitu gani ulirudi nacho? Swali la "uliua wangapi" lipigwe marufuku kabisa. Mzee akinyamaza, naye aachwe anyamaze. Tena msiwasahau mgambo, wala bibi waliobaki na watoto au waliofiwa na waume. Tunawaacha nje kila mwaka na hilo linaniuma.

Kila mtoto aandike karatasi moja ya mazungumzo kwa mkono, na aiambatishe na kazi yake. Karatasi hiyo ndiyo dawa ya mashairi yaliyonakiliwa kwenye simu. Shairi liwe beti 4 hadi 6, kila ubeti mishororo minne. Mchoro uwe kwenye karatasi ya A3, nao uonyeshe kitu kimoja ambacho mzee alikishika au alikitaja: kibuyu cha maji, barua, buti. Waambie wasiukunje, mkunjo wa katikati hautoki tena, na ukutani unaonekana kabla ya mchoro wenyewe.

Waamuzi wawe watatu, na kazi zipewe namba badala ya majina, maana mtoto wa diwani akijulikana shindano limekwisha. Katika alama 100, toa 40 kwa kilichosikiwa kwa mzee, 30 kwa ufundi, 20 kwa upya wa wazo na 10 kwa usahihi. Hapo kwenye usahihi watoto huanguka kwenye miaka: Uganda ilitangaza kuitwaa ardhi ya kaskazini ya mto Kagera tarehe 1 Novemba 1978, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Waamuzi wakipishana zaidi ya alama 15, wasome kazi hiyo tena kwa sauti.

Kabla ya kilele, kila kazi isomwe au ionyeshwe kwa mzee husika. Akisema "hili lisitoke", litolewe, hata kama ndilo bora kuliko yote. Na zawadi akabidhi yeye, si mgeni rasmi.

SWALI: Huku Machakos tunajiandaa kwa Mashujaa Dei ya 20 Oktoba. Babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia wameshafariki. Watoto wamsikilize nani?

JIBU: Wasikilize vitu, kisha waulize wenye vitu. Kila mshiriki atafute kitu kimoja nyumbani, aandike maneno 300 kukihusu na kutaja nani anakitunza na kwa nini hajakitupa. Wakifika Nairobi, wasimame mbele ya sanamu tatu za shaba za barabara ya Kenyatta na wachore ile ya mpagazi. Kikosi chake cha wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndicho kilichoacha jina la Kariokor ya Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam vilevile.

Tahadhari moja: nyota ya Burma, medali waliyopewa waliopigana huko, ilitolewa bila jina la askari. Medali peke yake haithibitishi ilikuwa ya nani, kwa hiyo watafute pia cheti chake cha kuachiwa jeshi, chenye namba yake. Wapekue masanduku ya bati ya bibi kwanza.