Vidonge vya "kusafisha DNA" na ini lenye virusi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Kondoa. Baba yangu alifariki kwa saratani ya ini. Mwaka jana nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Rafiki ananiuzia vidonge vya manjano, mlonge na chai ya kijani, anasema vinasafisha DNA na kuondoa mabadiliko ya vinasaba niliyorithi kwa baba. Nimemaliza makopo mawili. Niendelee?

JIBU: Marahaba. Vidonge viache leo. Udaktari wangu ni wa maabara ya sumu za chakula. Daktari wa kupima wingi wa virusi na hali ya ini lako ni mwingine, na kama hujamwona, nenda wiki hii ukamwambie pia habari za makopo hayo.

Swali hili hunifikia kila mara kwa sura tofauti: leo mlonge, kesho stafeli, keshokutwa mbegu za parachichi zilizosagwa. Linalonichosha si majani yenyewe. Ni hilo neno "kusafisha".

Kwa nilivyokuelewa, ulichorithi kwa baba huenda si kinasaba kibovu hata kidogo, ni ghala lake. Virusi hupita ndani ya familia, na ugali mlikula kutoka gunia moja. Sumukuvu inayotokana na fangasi wa mahindi na karanga huingia mwilini ikiwa haina makali makubwa kwa DNA. Ini ndilo huipa makali: vimeng'enya vyake, katika kujaribu kuivunja, huigeuza kuwa umbo linalong'ang'ania herufi G, moja ya herufi nne za kemikali (A, T, G na C) zinazoandika DNA. Seli ikigawanyika kabla ya kurekebisha hapo, herufi husomwa vibaya na T hukaa mahali pa G. Katika saratani za ini za maeneo yenye sumukuvu nyingi, kosa hilo hukutwa mara kwa mara sehemu ileile, kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 ya kinasaba TP53, ambacho kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisizaane.

Seli ikishagawanyika na kosa lake, basi. Watoto wake wote wanalo. Hakuna jani linaloingia seli moja baada ya nyingine kuitafuta T iliyokaa mahali pa G, na hata likiingia halina namna ya kujua kwamba pale palikuwa na G.

Mimea inachoweza kufanya, na hapa sibishani na mtu, ni kuzuia sumu kabla haijafika kwenye DNA. Mfano bora ninaoujua ni wa Qidong, mashariki mwa China, ambako sumukuvu na homa ya ini B viliua watu kwa miaka mingi. Watafiti waliwapa watu wazima 180 klorofilini, inayotengenezwa kutokana na ukijani wa majani, au kidonge kitupu, mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Klorofilini huikumbatia sumu ikiwa bado tumboni, nyingi ikatoka chooni. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba alama za DNA iliyoshikwa na sumukuvu zilipungua kwenye mkojo kwa asilimia 55. Sulforafeni, kemikali ya brokoli iliyojaribiwa hukohuko, hupita njia nyingine: huamsha vimeng'enya vinavyoifunga sumu na kuitoa. Kemikali za ukoo huo zimo kwenye kabichi na sukuma wiki, ilimradi usizichemshe mpaka zikalegea kama uji.

Lakini soma vizuri kilichopimwa. Ni mkojo. Hakuna aliyehesabu saratani zilizoepukwa. Kilichoambatana na kushuka kwa vifo vya saratani ya ini Qidong ni jambo ambalo halina muuzaji: miaka ya 1980 watu waliacha mahindi kama chakula kikuu wakahamia kwenye wali. Kufikia 2009, sumukuvu ilikuwa haionekani tena kwenye damu ya wengi wao.

Sasa makopo yako. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, kwa sababu kemikali yake kuu hainyonywi vizuri mwilini. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huikoleza na kuongeza pilipili manga ili ipenye. Imepenya, na matokeo yake Italia na Marekani wameripoti watu walioumia ini. Kuhusu chai ya kijani iliyokamuliwa kuwa vidonge, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, vipimo vya ini huanza kuonyesha dalili za kuumia. Wewe una ini ambalo tayari lina virusi. Aliyekuuzia alikuuliza hilo? Na unga wenyewe, kama ulianikwa chini na kufungwa kabla haujakauka, unaweza kuwa na sumukuvu ileile unayoikimbia.

Wapo watakaoniambia kwamba hata dawa za saratani hutoka kwenye mimea. Kweli, vinkristini ilitoka kwenye ua la vinka linalopandwa hapa mbele ya nyumba. Inafanya kazi kwa kuua seli zinazogawanyika. Hailindi chochote, na ukilitafuna ua hilo utajua.

Na wapo wanaoamini kwamba kidogo kikifaa, kingi kitafaa zaidi. Finland walidhani hivyo. Walaji wa mboga na matunda walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache, kwa hiyo beta-karotini, rangi iliyomo kwenye mboga na matunda kama karoti, ikawekwa kwenye vidonge na kujaribiwa kwa wavuta sigara zaidi ya 29,000. Majibu yalitoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiomeza.

Utafiti wa wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai ulikuta sumukuvu peke yake ikiongeza hatari ya saratani ya ini takriban mara 3, virusi vya homa ya ini B peke yake mara 7, na vyote pamoja karibu mara 60. Virusi ni kazi ya daktari wako. Sumukuvu iko mikononi mwako. Anika mahindi juu ya turubai. Kabla ya kuyafunga, tia punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado hayajakauka. Punje zilizobadilika rangi na karanga zilizosinyaa zitupe, wala usizipeleke kusagwa unga wa lishe wa watoto, maana kupika hakuiui sumu hiyo. Na watoto wako, kama hawajapimwa homa ya ini B, nenda nao siku hiyohiyo utakapokwenda wewe.