Muulize Mwalimu: Msisubiri jengo, watoto wanakua

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu watoto wasiojua kusoma na watu wa mtaani wanaotaka kuwasaidia. Nimefundisha darasa la kwanza karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza Tanga, baadaye Dar es Salaam, na tangu nistaafu watoto wa jirani husoma barazani kwangu jioni. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua vikundi vingi vimekwama palepale wanapokwama hawa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kina mama sita wa kikoba. Mtaani kwetu kuna watoto wa darasa la nne na hata la tano ambao hawawezi kusoma jina la duka. Tumekubaliana kuanzisha kikundi cha kuwasaidia. Mmoja wetu anasema tusajili kwanza, mwingine anasema tutafute kiwanja tujenge maktaba, na kuna mfadhili ameahidi kutuletea vitabu kutoka Uingereza. Hakuna mwalimu hata mmoja kati yetu. Tuanzie wapi? (Katibu wa kikoba, Mbagala)

JIBU: Marahaba, wanangu. Anzeni wiki hii, kwa karatasi moja na mkeka.

Kwenye karatasi hiyo andikeni kwa mkono, kwa herufi za kusomeka vizuri: mstari wa herufi, mstari wa silabi, maneno mafupi kama kumi, aya ya sentensi nne, na chini kabisa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwiteni mtoto pembeni, wenzake wasisikie. Asome kuanzia juu, na anapokwama mwandike jina lake na mahali alipokwama. Msimkaripie, msimsaidie, msimcheke. Mkimaliza mtaa mmoja mtajua jambo ambalo hata shule yao huenda haijui: nani amekwama kwenye herufi, nani kwenye silabi, nani anasoma maneno lakini sentensi inamshinda.

Njia hii imejaribiwa sana. Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu ulioanzishwa mwaka 2009, waliitumia walipopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, wakiwapima watoto kwa jaribio la darasa la pili hata kama mtoto yupo darasa la saba. Wao waliitoa India, kwa shirika la Pratham lililoanzia katika mitaa ya mabanda ya Mumbai miaka ya 1990. Na waliopita kupima hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa kujitolea kutoka wilaya zilezile, waliofundishwa kwa siku chache. Kwa hiyo msinyong'onyee kwa kukosa ualimu. Anayesoma gazeti vizuri na kuvumilia watoto anaweza kazi hii.

Sasa wapangeni. Msiwapange kwa darasa wala kwa umri, wapangeni kwa pale walipokwama. Wa silabi wakae pamoja hata kama mmoja ana miaka saba na mwingine kumi na mmoja. Mtoto akipanda, anahamia kundi la mbele siku hiyohiyo, bila kusubiri muhula uishe. Mama mmoja achukue watoto wanane au kumi. Wakizidi hapo atakuwa anachunga tu, hafundishi.

Kiswahili kimetupendelea kwa jambo moja: kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishika irabu tano, akashika ba be bi bo bu na ndugu zake wote, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Wengi hukwama kwenye silabi zenye konsonanti mbili au tatu: mba, nja, nywa, mbwe, na ile ng' ya ng'ombe inayowachanganya na ng ya ngoma. Kaeni hapo muda mrefu. Kateni maboksi ya sabuni mtengeneze kadi za silabi, mtoto azipange mwenyewe zitoe neno, azivuruge, atoe lingine. Siku nyingine mwambieni asimulie alichokiona sokoni, mwandike maneno yake kama alivyoyasema, halafu ayasome. Mtoto husoma kwa hamu kubwa maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Kuna jambo moja ambalo nawasihi msilipunguze kwa sababu yoyote. Kila mtoto, kila siku mnapokutana, asome kwa sauti mbele ya mtu mzima anayemsikiliza yeye peke yake, hata kwa dakika tatu. Kuitikia kwa pamoja kunafurahisha masikio ya wapita njia lakini kunawaficha wasiojua. Nimewaona watoto wanaoghani ukurasa mzima kwa moyo huku macho yao yakiwa juani. Funika picha, mwonyeshe neno la katikati ya mstari, umuulize linasemaje. Hapo ndipo utajua kama anasoma au anakumbuka.

Mwangalie pia anayekunja uso akitazama ubao, na yule anayekuuliza "eeh?" kila mara. Mpelekeni kituo cha afya apimwe macho na masikio kabla hamjasema ni mzito. Na kama watoto wanakuja na njaa, kikoba kianze na uji. Saa kumi jioni, mtoto aliyekula mara ya mwisho asubuhi hashiki silabi.

Kuhusu jengo: acheni kwanza. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ilipofuata, mamilioni walijifunza kusoma wakiwa wamekaa chini ya miti, kwenye maghala na mabaraza, na wengi wa waliowafundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Mnacho kibaraza? Mnacho kivuli cha mwembe? Inatosha. Fedha mliyotaka kununulia kiwanja inunue ubao, chaki, madaftari na vitabu.

Na vitabu vyenyewe viwe vya Kiswahili. Mwambieni mfadhili wenu kwa adabu kwamba mnashukuru sana, na kwamba nauli ya kusafirisha maboksi hayo hadi bandarini, pamoja na gharama za kuyatoa, ingenunua hapa hapa vitabu ambavyo watoto wenu wanaweza kuvisoma. Mtoto aliyekwama kwenye neno "mbwa" hakwamuliwi na hadithi ya theluji kwa Kiingereza. Tunao waandishi na wachapishaji wetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umewawezesha waandishi na wachoraji wa hapa nchini kutoa hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili. Mfadhili mwenye nia njema ataelewa. Asiyeelewa alikuwa anatafuta pa kumwaga maboksi.

Usajili ni wa lazima, lakini usiwazuie kupima watoto. Kesho nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mmweleze, na mjumbe naye asisikie kwa watu. Kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaongoza namna ya kujisajili kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi na orodha ya wanachama. Mkikua mkataka kuwa shirika kamili, ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na Msajili ataandikisha shirika kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Fedha za watoto msizichanganye hata siku moja na za kikoba. Fungueni akaunti ya jina la kikundi, na asiwepo mtu anayeweza kutoa fedha peke yake.

Mwisho kwenu: nendeni shuleni mapema. Mwalimu mkuu akisikia mnafundisha watoto wake bila kumwambia ataona mnamsema vibaya. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wamezuiwa na ada na michango waliingia, na tulifurahi, lakini madarasa yalifurika na walimu walibaki walewale. Mwenzangu mwenye watoto zaidi ya mia mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Nyinyi mnaweza. Mpelekeeni orodha yenu ya nani amekwama wapi, kwa unyenyekevu. Ataipokea kwa mikono miwili.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la tatu anasoma kwenye kituo cha bure karibu na nyumbani, na ni kweli sasa anasoma. Lakini juzi ndugu yangu amenionyesha picha yake mtandaoni, hana viatu, imeandikwa anatoka familia isiyojiweza na watu wachangie. Hakuna aliyeniuliza. Mke wangu anasema ninyamaze wasije wakamfukuza. Nifanye nini? (Baba, Mwanza)

JIBU: Pole sana, baba. Usinyamaze. Anayemfundisha mwanao bure hajanunua sura yake.

Nenda wewe mwenyewe, mchana, ukiwa mtulivu. Washukuru kwanza kwa kusoma kwake, maana wamefanya kazi. Kisha waambie picha iondolewe, na kuanzia sasa wasipige wala kutumia picha ya mwanao bila ridhaa yako ya maandishi. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huombi upendeleo. Mtoto huyo atakuwa kijana, atatafuta kazi, atachumbia, na picha ile itakuwa bado inazunguka. Najua vikundi hivi vinahitaji michango. Wapige picha ya mikono ikishika kitabu, au ubao wenye silabi, au waandike tu ni watoto wangapi waliokuwa hawasomi na sasa wanasoma. Mchangiaji wa kweli anataka kujua hilo.

Ukiwa hapo, tazama mambo mengine mawili. Je, mtoto huwahi kubaki peke yake na mtu mzima chumbani mlango ukiwa umefungwa? Hilo lisiwepo hata kama mwalimu ni mtakatifu. Watu wazima wawe wawili na mlango uwe wazi. Na je, mzazi akija bila taarifa anakaribishwa? Kituo kinachowaogopa wazazi ukiogope. Ukiona au kusikia dalili yoyote ya mtoto kudhuriwa, piga simu ya mtoto, 116, ni bure, au nenda ofisi ya ustawi wa jamii.

Kumfukuza hawatathubutu ukienda kwa heshima. Wakimfukuza kwa sababu umemlinda mwanao, niandikie tena, na wakati huo awe anakusomea wewe kila jioni.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimemaliza kidato cha sita, najitolea kwenye kikundi cha kusomesha watoto hapa Tanga. Kuna kijana wa miaka 13 anauza karanga, hajawahi kupita darasa la kwanza. Alikuja mara chache, akakaa na watoto wa miaka sita, wakamcheka, hakurudi. Namkuta stendi, ananikwepa. (Mjitoleaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mfuate stendi, lakini kama mteja. Nunua karanga, zungumzeni hesabu zake. Kijana anayerudisha chenji bila kukosea kwenye msukosuko wa stendi ana akili kamili, na anastahili kuambiwa hivyo na mtu aliyesoma.

Usimrudishe kwa watoto wadogo. Tafuta wenzake wawili watatu wa umri wake, hawakosekani stendi, mkutane saa ambayo biashara imelala. Mwanzie kwenye kazi yake. Mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima ulioanza Mwanza mwaka 1968 ulikuwa na vitabu vya pamba kwa wakulima wa pamba, vya uvuvi kwa wavuvi, vya migomba kwa wakulima wa ndizi. Huyu wako ana ka-ra-nga. Ana bei, ana pakiti, ana majina ya mabasi yanayopita mbele yake kutwa. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Katika lugha yetu neno karanga limebeba silabi tatu, na nga yake ndiyo ileile inayowashinda wengi, kwa hiyo hujapoteza muda.

Akishaanza kusoma sentensi, ulizia MEMKWA kwa afisa elimu kata. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa walioikosa ulianza 1999 kwa ajili ya watoto kama huyu, wa miaka 11 hadi 18, na wa umri wake huandaliwa warudi kwenye mfumo rasmi. Nenda naye siku ya kwanza. Na zungumza na nyumbani kwake kabla ya hapo, kwa sababu karanga zile huenda ndizo zinazonunua unga. Kama ndivyo, kikundi chenu kitafute namna ya kufidia masaa atakayokuwa darasani, la sivyo mtamwona wiki ya kwanza tu.

SWALI: Mwalimu, nafanya kazi Muscat. Nataka kuwasaidia watoto wa kijiji chetu Pemba. Nitume nini? (Dada, Oman)

JIBU: Dada yangu, usitume maboksi. Tafuta mtu unayemwamini kijijini, mwalimu wa skuli au wa chuo cha Kurani, akuambie watoto wamekwama wapi, kisha tuma fedha ya kununua vitabu vya hadithi vya Kiswahili huku huku, kidogo kidogo, kila baada ya miezi. Akutumie risiti na orodha ya waliosoma. Na kama una mpwa wa umri huo, mpigie simu jioni akusomee ukurasa, hata mara mbili kwa wiki. Akikwama, mpe nafasi ajaribu tena kabla hujamtajia neno.