Mabao 1,281 ya Pelé na daluga za kuazima: maswali yenu kuhusu wafungaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanagombea jambo moja: bao la zamani lina uzito gani mbele ya bao la leo. Nimechagua saba. Yale ya matusi nimeyaweka kando, ingawa mawili yalinichekesha kweli.

Pelé ana mabao 1,281. Inakuwaje mnamwita Cristiano Ronaldo mfungaji namba moja wa muda wote?

Kwa sababu hayo mahesabu mawili hayakuandikwa kwa kalamu moja. Ile 1,281 ya Pelé, katika mechi 1,363, imebeba kila kitu: ligi, timu ya taifa, ziara za kirafiki za Santos, klabu yake ya Brazil, hata mechi alizoichezea timu ya jeshi alipokuwa akitumikia uaskari. Ukichuja ukabakiza mechi rasmi, anabaki na mabao yanayozidi 750 kidogo. Ronaldo alifikisha 900 Septemba 2024 dhidi ya Croatia, na ziara za maandalizi ya msimu hazimo.

Ila msikimbilie kuyatupa yale ya kirafiki. Santos ya miaka ya 1960 ilizunguka dunia kwa sababu ziara zilikuwa na hela nzuri, na kule Ulaya ilikutana na vigogo, si vibonde. Hakuna beki aliyekubali kuaibishwa mbele ya mashabiki wake eti kwa kuwa mechi haina kombe. Mimi kila bao la ziara nalihesabu nusu. Msiniulize nusu nimeitoa wapi.

Zamani mabeki walikuwa wabovu. Huyo Dixie Dean wa mabao 60 leo angefikisha hata 15?

Kabla ya kuwalaumu mabeki, tazama sheria. Hadi 1925 mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama kati yake na goli hapakuwa na wapinzani watatu. Mwaka huo wakapunguzwa wakawa wawili. Katika ligi ya Uingereza, madaraja yote kwa pamoja, mabao yakaruka kutoka 4,700 msimu wa 1924/25 hadi 6,373 msimu uliofuata. Mabeki walizoea mmoja kupanda juu kumtega mshambuliaji aotee huku mwenzake akibaki nyuma kama akiba. Ghafla mtego ukawa haunasi, na iliwachukua muda kujipanga upya.

Dean aliifungia Everton hayo 60 msimu wa 1927/28, mavuno yakiwa bado yamepamba moto. Na msimu mmoja kabla yake, George Camsell wa Middlesbrough alikuwa amefunga 59 daraja la pili. Watu wawili wakifanya maajabu ya aina moja mfululizo, ujue kuna sababu nje ya miguu yao.

Kwa hiyo ndiyo, alibebwa na wakati. Lakini tazama siku ya mwisho, 5 Mei 1928, Arsenal wamekuja, Dean ana 57. Mawili aliyapachika mapema. La tatu likagoma, dakika zikayoyoma, mpaka zimebaki chache ikapigwa kona, akapanda juu ya msitu wa watu akautia kwa kichwa. Na mpira wenyewe ni ule wa ngozi uliofungwa kwa kamba, ukilowa unakuwa kama tofali, na ile kamba ikikukuta kwenye paji la uso unaisikia mpaka kesho yake.

Halafu kuna ulinzi ambao mshambuliaji wa leo anao na yeye hakuwa nao. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970. Miaka minne kabla, Wareno walimpiga viatu Pelé mpaka akawa anachechemea, na kwa kuwa kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, akamalizia mechi hivyo hivyo. Aliyemuumiza hakutolewa nje. Leo Dean angepata mabao mangapi? Pungufu ya 60, bila shaka. Lakini 15? Acha dharau.

Penalti si zitolewe kwenye hesabu?

Hapana. Eusébio alifunga tisa Kombe la Dunia la 1966, manne ya penalti. Dhidi ya Korea Kaskazini, Ureno ilikuwa nyuma 3-0, akafunga manne peke yake na mechi ikaisha 5-3. Mawili kati ya hayo ni penalti, na moja ya penalti hizo ni yeye mwenyewe aliyeangushwa baada ya kuwakimbiza mabeki upande wa kushoto. Unataka kumnyang'anya?

Klose alifunga 16 Kombe la Dunia, Just Fontaine 13. Wewe unamweka nani juu?

Fontaine, wala sisiti. Klose wa Ujerumani aliyapata hayo 16 kwa mechi 24 katika fainali nne. Fontaine wa Ufaransa alifunga 13 kwa mechi sita, fainali moja tu, kule Sweden 1958. Waliomfuata kwenye fainali zile, Pelé na Helmut Rahn, walikuwa na sita kila mmoja. Na daluga alizofungia hazikuwa zake: zake ziliharibika, akaazima za mwenzake Stéphane Bruey.

Mtasema 1958 mabao yalimwagika tu. Haya, tupime. Chukua wastani wa mabao ya mchezaji kwa mechi, ugawe kwa wastani wa mabao ya timu moja kwa mechi katika fainali hizo hizo. Mwaka 1958 yalifungwa 126 kwa mechi 35, yaani kila timu 1.8. Fontaine alikuwa na 2.17, kwa hiyo anapata 1.2. Maana yake ni kwamba mtu mmoja alifunga kuliko timu nzima ya kawaida.

Sasa waleteni wengine. Gerd Müller, mabao 10 mwaka 1970: 1.12. Ronaldo wa Brazil, manane mwaka 2002: 0.91. Na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini: Sándor Kocsis wa Hungary, mabao 11 kwa mechi tano mwaka 1954, anaangukia 0.82, nyuma ya Ronaldo mwenye manane. Fainali zile za 1954 zilikuwa na mabao 140 kwa mechi 26, kila timu inafunga karibu matatu. Kocsis alikuwa hatari kweli kweli, lakini mwaka ule mvua ilimnyeshea kila mtu.

Kipimo changu kina tundu lake: mechi sita ni chache mno, siku moja nzuri inabadilisha kila kitu. Fontaine alifunga manne katika mechi ya mshindi wa tatu peke yake.

Di Stéfano ana 49 Ulaya, Cristiano ana 140. Hapo napo kuna mjadala?

Mdogo. Kwenye kombe la klabu bingwa Ulaya, Di Stéfano wa Real Madrid alitumia mechi 58, Cristiano 183. Real Madrid walibeba kombe la kwanza kabisa, 1956, kwa mechi saba. Siku hizi bingwa anacheza 15 au zaidi. Kwa wastani mzee yuko mbele kidogo, na alifunga katika mechi tano za fainali mfululizo.

Je, ni kweli yule Mzambia alimpita Messi?

Messi alifunga 91 mwaka 2012. Dunia ilipokuwa ikishangilia kuvunjwa kwa rekodi ya Müller, mabao 85 ya mwaka 1972, shirikisho la soka la Zambia likasema ngojeni: Godfrey Chitalu alifunga 107 mwaka huo huo wa 1972. FIFA wakajibu kwamba hawatunzi takwimu za ligi za ndani, hivyo hawawezi kuthibitisha. Jibu hilo lilinikera. Kutotunza daftari si sawa na kuthibitisha kwamba mabao hayakufungwa, na daftari za ligi za Ulaya hakuna anayeziomba zihakikiwe upya.

Mbona huwataji wanawake?

Haki yenu kuuliza. Christine Sinclair wa Canada ana mabao 190 ya timu ya taifa, na hakuna mwanaume aliyefika huko. Marta amefunga 17 Kombe la Dunia, moja zaidi ya Klose. Nimekwisha kusahihishwa.

Na kwa wote mliomalizia kwa "taja jina moja basi": Gerd Müller. Mabao 68 kwa mechi 62 za Ujerumani Magharibi, 365 kwa mechi 427 za Bundesliga. Lakini namba zikipotea zote nitabaki na bao moja, mechi ya fainali ya Kombe la Dunia 1974 dhidi ya Uholanzi. Krosi ya Bonhof inamfikia, mpira unamgonga unarudi nyuma yake. Mwingine angeukosa. Yeye anarudi hatua, anageuka, anauchapa chini, kidogo tu, na golikipa Jongbloed anausindikiza kwa macho ukiingia.