Wasomaji Wauliza: Sanamu za Bronzi na Mvua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Moshi. Niliwaonyesha wanafunzi picha za sanamu kubwa za bronzi zilizowekwa nyasini katika bustani ya sanamu ya Yorkshire Sculpture Park, Uingereza, kondoo wakila majani kando yake. Waliniuliza: je, mvua haiziharibu kama inavyopasua sanamu zetu za saruji? Na kwa nini zisiwekwe ndani ya makumbusho?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, tuanze na mvua. Sanamu ya saruji mara nyingi huharibiwa na nondo zake zenyewe: maji yakipenya, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na saruji hubanduka. Bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati, shaba ikiwa takriban sehemu tisa kati ya kumi. Haishiki kutu ya namna hiyo, bali hujifunika utando wa kahawia au wa kijani unaopunguza kasi ya kuliwa kwake, na watunzaji huiosha na kuipaka nta ili unyevu usiifikie. Mwaka 1972 sanamu mbili za Wagiriki, zilizosubiwa (yaani zilizoundwa kwa kumimina bronzi iliyoyeyushwa) katika karne ya tano kabla ya Kristo, ziliopolewa baharini karibu na Riace, kusini mwa Italia, na hadi leo maumbo yake yanaonekana vizuri.

Waambie wanafunzi pia kwamba sanamu ya bronzi ndani ni tupu. Katika njia ya kale, umbo la nta lenye kiini cha udongo ndani yake huzungushiwa kalibu, hupashwa moto hadi nta itoke, kisha bronzi humiminwa katika mwanya mwembamba uliobaki. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande na kuunganishwa kwa kuchomelea, kazi ambayo mafundi wa hapo Moshi wasingehitaji kuelezwa mara mbili.

Kuhusu mahali, bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1977 katika shamba la kale la Bretton, ambalo mandhari yake ilipangwa katika karne ya 18. Mchongaji sanamu Henry Moore, aliyezaliwa Castleford, si mbali na hapo, alitaka kazi zake zionekane kwenye uwanda na anga, na aliwapendelea kondoo kwa sababu ng'ombe angeifanya sanamu ionekane ndogo. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, hutazamwa kutoka chini, tena na mtu anayewahi kuvuka barabara. Ile ya nyasini huzungukwa, na kila upande una umbo lake. Kwa maoni yangu, Moshi ikiweka sanamu, isishindane na Kilimanjaro, kwa kuwa mlima huo ungefanya kazi ya ng'ombe wa Moore. Umbo la chini, katikati ya miti, lingefaa zaidi.

Hatari kubwa kuliko mvua ni wizi. Desemba 2005 sanamu ya Moore yenye uzito wa takriban tani mbili iliibwa Uingereza, na polisi waliamini kwamba iliuzwa kama chuma chakavu. Halmashauri yoyote itakayotaka bronzi ipange kwanza mshahara wa mlinzi.