Kaka kauza shamba la marehemu baba, wazee wanasema yaishe

Shikamoo Anti. Niko Mufindi, baba alifariki akatuachia shamba la mipaini, watoto tuko watano na mama yupo. Kaka mkubwa kauza kimyakimya, sisi tumejua siku tumekuta jamaa anaangusha miti na msumeno. Kaka anasema kauza miti tu, jamaa anasema kanunua na ardhi na karatasi anayo. Ukoo umekaa, wazee wakaletewa ulanzi, wakaamua kaka aombe radhi atupe mabinti laki moja moja yaishe, eti sisi tumeshaolewa. Huo uamuzi una nguvu?
Dada wa Mufindi

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "tumeshaolewa" ndo pameniudhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili, sasa wazee wanywe ulanzi wao lakini hiyo waiache.

Kikao cha ukoo kinapatanisha, hakihukumu. Mngekubali wote mkasaini sawa, ila wewe hujakubali, na huyo mnunuzi hata hakuwepo, sasa wamesuluhisha nini?

Swali la kuwauliza wazee ni moja tu, msimamizi wa mirathi ni nani? Kama hakuna basi kaka hakuwa na mamlaka ya kuuza, iwe miti iwe ardhi. Ukoo ukae tena, upendekeze msimamizi, muhtasari usainiwe, aende nao Mahakama ya Mwanzo akateuliwe. Hiyo ndo kazi ya ukoo na wakiifanya vizuri inasaidia sana.

Halafu ombeni kuiona hiyo karatasi. Imeandikwa "miti" au "shamba"? Mashahidi kina nani? Ardhi ya kijiji kuuziana kunataka idhini ya halmashauri ya kijiji, kama wameandikiana tu mezani kwa mama ntilie, huyo mnunuzi atabanwa.

Wakati huo huo nenda Baraza la Ardhi la Kijiji, wako wajumbe saba na wanawake wasipungue watatu, nao wanapatanisha tu. Ikishindikana nenda Baraza la Kata, ambako tangu 2021 hawaamui tena, wana siku 30 za kusuluhisha, ikigoma wanakuandikia cheti unakwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndo utaomba zuio miti isikatwe. Usikae sana maana msumeno hausubiri.

Na mama msimwache nyumbani, yeye ndo anajua shamba lilipatikanaje na nani alishika jembe kupanda hiyo miti.